Mizizi ya Mzee Gidahosh

Jumatatu, 2 Juni
Siwezi kutulia. Nimekaa, nimesimama, nimezunguka boma, nimekaa tena. Mzee Gidahosh anaandaa pombe ya asali. Ikiiva, wazee watakunywa na kuamua binti yake Oliva aolewe na nani: mimi au Vicent, muuza dawa za mifugo wa Katesh. Vicent ana duka. Mimi nina simu. Na leo simu imenionyesha wataalamu wanaochukua mabaki ya mimea na kutengeneza chembe ndogo kuliko vumbi. Wanaziita nano. Zinabeba vitamini hadi ndani kabisa ya mwili. Mabaki! Hapa kijijini Gehandu tumejaa mabaki. Nikitengenezea ndama dawa ya nano, Vicent atafunga duka.

Jumatano, 4 Juni
Mabaki hayapatikani. Pumba ni za kuku, kasema mama. Magunzi ni kuni. Nikapita kwa Mzee Gidahosh. Shikamoo. Akaitikia huku akiangalia viatu vyangu. Juu ya paa la tembe nikaona mizizi iliyokauka, imechakaa kabisa. Takataka tupu. Oliva aliwahi kuniambia nisiguse vitu vya baba yake, lakini hakutaja paa. Nimebeba yote.

Alhamisi, 5 Juni
Nimetwanga mpaka mikono imekufa ganzi. Nikachekecha kwa kitenge cha mama. Kinachopita kwenye kitenge ni nano, hakuna ubishi. Vitamini nimetoa kwenye karoti, na sukari ili ndama wapende. Nimejaza chupa, nikafunga kwa nguvu. Moja nimempelekea Mzee kwa ajili ya ndama wake. Moja nimempa Vicent, aone mwisho wake.

Jumamosi, 7 Juni
Balaa. Mzee amechanganya asali na maji, akaifuata mizizi, hakuna. Kumbe ndiyo ya kuchachushia. Aliachiwa na baba yake. Hutumika, huanikwa, hutumika tena. Bila mizizi hakuna pombe, bila pombe wazee hawakai, wasipokaa sina mke. Akauliza nani kachukua. Nikasema labda mbuzi. Tukawalaani mbuzi pamoja. Nimewaonea huruma kidogo.

Mchana nikasikia chupa ya Vicent imechacha, ikapasuka dukani, karoti zimemjaa usoni. Furaha haikudumu. Mzee alifungua ya kwake, akanusa, akaonja. Kisha akaniita, akaniuliza kama hiyo nano iliwahi kukaa juu ya paa lake. Oliva akaichukua chupa, akaimimina yote kwenye asali.

Jumapili, 15 Juni
Pombe imeiva, ina rangi ya karoti. Wazee wamekunywa yote. Wamenitoza faini ya asali. Mzee akasema mwizi mvivu angemfukuza, ila aliyetwanga siku nzima anaweza kufikiriwa. Oliva akasema atanisubiri, kwa sharti moja: nisiguse tena kitu cha kwao bila kuuliza. Nikaapa mbele ya wazee wote. Nampenda sana, machozi yalinilenga.

Wakati wa kutoka nikaona nta ya masega kwenye kona, imewekwa tu hapo. Simu inasema nta inafaa sana kwa nano. Sasa hivi mama yake Oliva amepita, anaulizia nta yake ya kulainishia ngozi. Nimesema labda mbuzi.