Sindano Iko Sifuri

Jumatatu, 3 Machi 2025
Asembo Bay. Muriuki, jirani yangu wa Njoro kabla hatujafukuzwa kule, anajenga zizi. Mpeasi nilioupanda kule unamzuia kujenga. Ujumbe umepitia kwa Gordon wa Luanda Kotieno, ambaye redio yake ya kuzungumzia inafika kote, hadi kwa redio ya Muriuki: nisipojibu kufikia Jumapili, Muriuki atajua nimeridhia, ataukata. Gordon amejitolea kupeleka jibu. Sitaki. Gordon hufupisha. Nitasema mwenyewe, hewani, kwa redio yangu. Dorca akauliza, Baba Aloo, simu ina kasoro gani? Mke wangu ni mtu mwema.

Jumanne, 4 Machi
Antena imepanda juu. Mita huonyesha nguvu zinazokataliwa na antena na kurudi kwenye redio. Sindano inapaswa kulala sifuri. Imesimama kama askari. Gordon amepita, akasema waya wa antena ni mrefu, niukate kidogo kidogo. Kukata! Mtu aliyepoteza shamba hakati kitu.

Alhamisi, 6 Machi
Uvumbuzi! Nimeongeza kebo ya televisheni kati ya redio na antena: sindano ikashuka. Nikaongeza tena: ikashuka tena. Sasa kebo inalizunguka banda la kuku na kurudi. Sifuri! Gordon akasema, Mzee, nguvu hazirudi kwa sababu zinafia njiani, kebo inazimeza. Wivu. Nikampa chai.

Jumamosi, 8 Machi
Jana usiku upepo mkali wa ziwa. Sindano haikutikisika. Dorca ana kamba mpya ya kuanikia nguo, ndefu, ya shaba. Sijui ameipata wapi.

Jumapili, 9 Machi
Nimemweleza Muriuki kila kitu: kivuli cha saa kumi, tawi alikodondoka mwanetu Aloo, uchachu wa peasi za kwanza. Hakujibu. Nadhani alikuwa analia. Dorca alikuwa nyuma ya jikoni na simu, akicheka na mtu kwa Kikuyu chake kibovu, hadi nikamwomba apunguze sauti.
Jioni akaja Gordon: zizi limesogezwa, mpeasi unabaki, Muriuki anashukuru kwa mazungumzo. Nimesikika!

Jumatatu, 10 Machi
Nimekwenda kuipongeza antena. Haipo. Iliangushwa na upepo Ijumaa. Waya wake ndio kamba ya Dorca. Kwa hiyo jana nilifika Njoro kwa kebo peke yake! Nikamweleza Gordon. Akamtazama Dorca kwa muda mrefu, akaomba chai.
Kesho naenda Kisumu kununua kebo zaidi.