Pampu Haijafika

Habari iliyozua mjadala jioni ile aliileta Hukumu, kinyozi, aliyepewa jina hilo kwa sababu hajawahi kusikia kesi akakosa kuitolea uamuzi. Alitoka kutazama filamu, akaketi kwenye benchi letu mbele ya gereji.

"Jamani, dunia imekwisha. Mwanamke kafiwa, macho hayajakauka, anachukua gari la marehemu huyoo, hajui aendako. Kufika kituo cha mafuta, anampakia mwanamume asiyemjua."

"Anampakia kwa nini?" akauliza Breki, mwenye gereji, huku akijifuta grisi.

"Breki nawe. Ana mabega."

Aliyekuwa akitumiminia kahawa hakucheka. Tunamwita Shemeji, kwa kuwa marehemu mumewe alikuwa mwenzetu wa benchi lilelile. Pikapu aliyoiacha iliingizwa katika gereji ya Breki mara baada ya mazishi. Shemeji alitaka kuondoka nayo, aende mbali na mtaa huu. Na kila alipoiulizia, Breki alimjibu kwa huzuni ileile kwamba pampu ya mafuta haijafika.

"Huyo mwanamke analia?" akauliza Shemeji.

"Analia, anaimba, anakula karanga, analia tena. Filamu nzima ni barabara na kamasi. Mimi nahukumu hivi: angebaki nyumbani, watu wamfariji."

"Watu gani?"

"Kama sisi hapa."

Shemeji akaliweka birika chini. "Nyinyi? Kila nikinyamaza kidogo nilie, mtu ananyoosha kikombe: Shemeji, ongeza. Tangu azikwe sijamaliza kilio hata kimoja."

Breki, aliyekuwa amenyoosha chake, akakirudisha taratibu magotini.

Hukumu akaona heri arudi kwenye filamu. "Basi wakafika nyikani, gari likazimika. Pampu ya mafuta. Wakalala humohumo, yeye na yule wa mabega."

"Gari gani?" akauliza Breki.

"Pikapu. Kama ya marehemu, rangi tu ndiyo tofauti."

"Uongo."

"Nimeona kwa macho yangu."

Breki akasimama. Huyu ni mtu awezaye kuvumilia kutukanwa yeye na ukoo wake, lakini si injini. "Hukumu, wewe nyoa vichwa. Pampu ya pikapu ile haifi. Hao walitafuta kisingizio cha kulala pamoja. Hii ya marehemu naiwasha mwenyewe kila asubuhi, inaitika mara moja, inanguruma kama..."

Mfano wenyewe hatukuupata. Breki alibaki na mdomo wazi na kitambaa cha grisi hewani.

"Kila asubuhi," akasema Shemeji.

"Shemeji, isiyofika ni pampu ya akiba."

"Ya akiba."

"Sasa ukiondoka, na hii kahawa..."

"Kahawa ipi?" Hukumu akadakia. "Si unaimwaga chini ya benchi ili akumiminie nyingine? Hapo ulipoketi pameota uyoga."

"Hukumu, nakuomba."

Shemeji alivua aproni, akanyoosha mkono. Funguo za wateja hutundikwa kwenye misumari ukutani. Wa pikapu ile ulitoka katika mfuko wa shati la Breki.

Shemeji aliingia garini, akafunga mlango, akapandisha vioo. Koti la marehemu lilikuwa bado kwenye kiti. Akalikumbatia, akainamia usukani, tukaona mgongo wake ukitikisika muda mrefu. Vikombe vyetu vilikuwa vitupu, na safari hii hakuna aliyenyoosha chake.

Kisha injini ikaitika mara moja, kama ilivyosemwa. Breki, pamoja na aibu yote ile, akatabasamu kwa fahari ya fundi.

Pikapu ikaingia barabarani, ikaenda kidogo, ikasimama. Ikarudi kinyumenyume hadi mbele ya benchi.

"Mabega, Breki," Hukumu akanong'ona. "Toa mabega."

Breki akachomekea shati, akayatanua mabega kadiri alivyojaliwa, akauendea mlango wa abiria. Kioo kikashuka.

"Nipe birika langu," akasema Shemeji.