Paneli Tatu Kabatini

Jumatatu, 3 Machi
Kuna mtu ameshika paneli zangu! Mashine ya gemu iko sebuleni, lakini paneli zake za kuchezea nazihifadhi chumbani, nyuma ya nguo za mke wangu: ya usukani kwa magari, ya mpira wa kuzungusha, na ya fimbo mbili kwa ngumi. Ukitaka kubadilisha, unafungua makomeo mawili, unachomoa plagi, unapachika nyingine. Leo usukani unatazama ukuta. Niliuacha ukitazama mlango. Machale yananicheza. Ni shemeji tu, mdogo wake mke wangu. Jumapili tunapigana ngumi za gemu, na mshindi anachukua mashine moja kwa moja. Nilitangaza mwenyewe, tena mbele ya mama mkwe. Siwezi kurudi nyuma.

Jumatano, 5 Machi
Dawa imepatikana. Shemeji husimama kulia siku zote. Nimegeuza nyaya za fimbo ya kulia: akisukuma juu, mtu wake atachuchumaa. Nyaya zote nyeusi, hivyo kwa macho hakuna wa kugundua. Ujanja mtupu! Nimefunga uzi mwembamba kwenye milango ya kabati, nijue atakayefungua.

Alhamisi, 6 Machi
Uzi umekatika! Nikamuuliza mke wangu, kijuujuu tu, kama kuna mgeni aliyefika. Akasema mdogo wake alipita kumsalimia, akanywa chai, akaondoka. Salamu gani hizo katikati ya wiki? Ni wazi ameuona mtego wangu na kuuhamishia kushoto, upande wangu. Ningeweza kuijaribu paneli, lakini kujaribu ni kuonyesha wasiwasi. Nimegeuza nyaya za pande zote mbili. Alichopindua yeye nimekipindua tena. Leo nitalala usingizi mzuri.

Jumapili, 9 Machi
Aibu. Nasukuma juu, mtu wangu anachuchumaa. Nasukuma chini, anaruka na kupokea ngumi hewani. Mama mkwe akauliza kama mtu wangu anaumwa. Shemeji hakupoteza hata raundi moja. Akanipa pole kiroho safi, jambo ambalo silipendi hata kidogo. Wakaibeba mashine yeye na fundi seremala aliyekuja naye, paneli ya ngumi ikiwa juu yake. Nimebaki na paneli mbili na alama ya vumbi sakafuni. Nimeumia, sitaficha.

Jumatatu, 10 Machi
Mke wangu ameniweka kitako. Anasema uzi aliukata yeye, akitafuta gauni. Usukani aliugeuza yeye, kwa sababu unanasa mikono ya blauzi zake. Mdogo wake hajawahi kukanyaga chumbani. Anasema nimejipiga mwenyewe. Maelezo yamenyooka mno. Nani alimwandalia?

Jioni shemeji akapiga simu, akaomba kwa adabu paneli ya usukani, watoto wake wanataka magari. Nikasema bila shaka, nitaileta mwenyewe. Nimeifungua mezani na kugeuza nyaya: akikata kulia, gari liende kushoto. Mke wangu akapita, akatazama, hakusema neno. Kwa nini hakusema neno? Lazima ameshampigia simu, na yule atazigeuza tena nikifika. Basi nimezirudisha zilivyokuwa. Halafu nikawaza kwamba huenda ndicho wanachotaka nifanye, nikazigeuza upya.