Bao Lililokuwa Zawadi

Kitandililo, Makambako
14 Septemba 1953

Kwa Bwana Katibu, Kamati ya Kombe la Tanganyika

Bwana Katibu mheshimiwa,

Natumaini u mzima. Mimi ni Yoeli, golikipa wa Njombe mpaka Jumamosi ijayo, na naleta malalamiko juu ya mechi iliyotutoa mashindanoni mwaka huu, mabao mawili kwa moja.

1. Wageni wetu wa Mbeya walilala kwetu siku mbili. Zilipobaki dakika sita, tuko bao moja kwa moja, dereva wao akawasha lori. Nikashtuka: hatujawapa kitu cha njiani! Kwetu mgeni haondoki mikono mitupu. Kuku sikuwa naye pale golini, nikawaachia mpira mmoja. Refa akauhesabu kuwa bao.

2. Refa huyo alikula nyumbani kwangu, na firigisi tukampa yeye. Mtu aliyepewa firigisi hawezi kudai hajui zawadi ni nini.

3. Ukipelekewa kikapu cha mahindi, hukirudishi kitupu. Hawa hawakurudisha chochote, wakawa wanabutua mipira shambani mpaka filimbi ya mwisho. Kisha wakaenda Dar es Salaam wakachukua kombe. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu mwenyeji ndiye aliyetolewa. Kwa kuwa bila zawadi yangu wasingefika huko, naomba kombe likae Makambako tangu kupanda mahindi hadi kuvuna.

4. Kubwa kuliko yote, timu inataka kumweka golini Dionis, fundi wa kujenga wa misheni. Ni mtu mwema, ila hajawahi kumpa mgeni hata hindi la kuchoma. Akisimama yeye, wilaya nzima itasifika kwa uchoyo. Nadhani Serikali haitapenda. Nami, Bwana Katibu, itaniuma sana.

Nisalimie makarani wote na mpishi wa ofisi. Refa naye mwambie kuku bado wapo. Wanaojua salamu za kwetu, kamwene.

Wako mtiifu,
Yoeli, golikipa

Nyongeza: Mke wangu Tabea, aliyesimama nyuma ya goli siku ile, ndiye mwenye stempu, na haitoi mpaka niandike kwamba zawadi hiyo niliirukia kwa nguvu zangu zote hata kaptula ikapasuka, na kwamba nililia njia nzima mpaka nyumbani. Basi nimeandika. Kombe wabaki nalo. Ila tafadhali, nisiondolewe golini.