Uzinduzi wa Kasi ya Kompyuta ya Idara ya Vyeti

(Hotuba kamili ya Mkurugenzi wa Idara, kama ilivyotolewa mchana wa siku ya kazi katika ukumbi wa kusubiria, mbele ya wafanyakazi na wananchi waliokuwa wamekuja kuchukua vyeti. Mkurugenzi anasoma maandishi yanayorushwa ukutani kutoka kwenye kompyuta yenyewe inayozungumziwa.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye amepata udhuru na mimi ndiye ninayemwakilisha. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, yaani mimi mwenyewe, karibu sana. Naibu wangu wa Utawala. Naibu wangu wa Mipango. Naibu wangu ambaye bado tunamtafutia shughuli. Wakuu wa vitengo vyote saba. Shemeji yangu, Mwenyekiti wa Kamati ya Kuchunguza Uzito wa Kompyuta. Mpwa wangu, Msimamizi wa Waya na Soketi. Karani wa Dirisha la Vyeti, ambaye dirisha lake leo tumelifunga ili naye apate fursa adhimu ya kunisikiliza. Wazazi na walezi. Wazee wetu mliopata viti. Wazee wetu ambao viti vyenu vimekaliwa na wakuu wa vitengo. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi kutoka safu ya mbele.)

Ndugu wananchi, ofisi yangu ilipokea malalamiko kwamba kompyuta mpakato ya Idara hii, ambayo ndiyo peke yake inayotoa vyeti vya kuzaliwa, imekuwa nzito, ina kigugumizi, inakwamakwama, na kwamba karani akibonyeza herufi moja anaweza kwenda kunywa chai, akarudi, akasalimiana na watu, na akaikuta ile herufi bado iko njiani. (Kicheko. Mkurugenzi anasubiri kiishe.) Mimi sikucheka. Kiongozi makini hapokei tatizo kwa kucheka, wala hakurupuki kulitatua. Nilichofanya ni kuunda Kamati, Kamati ikaunda kamati ndogo, na kamati ndogo ikaja na rodimapu, yaani ramani ya kazi, inayozingatia kapasiti bildingi, monitaringi na evalueshen kwa mustakabali wa stekiholda wote, na hiyo rodimapu ndiyo iliyozaa Mradi Mkubwa wa Kasi, ambao leo nimekuja kuuzindua. (Makofi. Mtoto analia nyuma, anatolewa nje.)

Sasa niwaeleze tumefika wapi. Ilibainika kwamba kompyuta inapata joto kali, kiasi kwamba Karani alikuwa anatandika daftari chini ya viganja vyake kwanza, asiungue, ndipo aandike. Uchunguzi wa awali ulionyesha kuwa vumbi linaingilia kwenye vitundu vya ubavuni. Sisi hatukusita. Tuliviziba vitundu vyote kwa gundi, maana vumbi haliwezi kupita pasipo na njia, kisha juu yake tukatandika kitambaa kizito cha kudarizi, chenye maua na jina la Idara, ambacho mke wangu alijitolea kukishona. Tangu hapo feni ya ndani inanguruma hadi barabarani, jambo ambalo Kamati imelitafsiri kuwa ni ongezeko la nguvu. (Makofi. Feni inasikika.)

Vilevile lilijitokeza suala la virusi. Kitengo cha Takwimu kilileta programu ya kuzuia virusi, na hilo ni jema. Lakini Kitengo cha Malalamiko kikauliza kwa nini Takwimu walinde na wao wasilinde, Kitengo cha Usafiri nacho kikasema hakiwezi kuachwa nyuma, na kwa kuwa uongozi wangu ni shirikishi, kila kitengo kiliruhusiwa kuweka ya kwake. Tunazo saba. Hivi ninavyozungumza programu hizo saba zinakaguana zenyewe kwa zenyewe bila kupumzika, kila moja ikiishuku mwenzake, na huo, ndugu zangu, ndio uwajibikaji. (Wakuu wa vitengo wanapongezana kwa kushikana mikono.)

Kuhusu nafasi ya kuhifadhia kumbukumbu, ni kweli imejaa pomoni. Imejaa picha na video za siku nilipoizindua kompyuta hii, zilizopigwa kutoka mbele, kutoka ubavuni, na kutoka juu ya ngazi. Kuna mtumishi mmoja alipendekeza baadhi zifutwe ili mashine ipate pumzi. Mtumishi huyo amehamishwa.

(Mwanamke mmoja katikati ya ukumbi anasimama. Ni mshonaji wa sare za shule. Tepu ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Pembeni yake ameketi binti yake aliyevaa sare.)

Naona mkono. Ndiyo, mama.

(Mshonaji: "Shikamoo, Mheshimiwa. Samahani kwa kukukatiza. Naomba kujua tu, cheti cha mwanangu kitatoka saa ngapi? Mwalimu mkuu anafunga usajili wa mtihani leo hii, na amesema bila cheti cha kuzaliwa jina la huyu haliingii. Shule yenyewe ni hiyo hapo ng'ambo ya barabara.")

Marahaba, mama. Swali zuri sana, na ninakupongeza kwa uthubutu. Tutalipokea katika kipindi cha maswali, ambacho kwa bahati mbaya tumekifuta ili kuokoa muda. (Makofi kutoka safu ya mbele pekee.) Kaa, mama. Uko mahali salama.

Naendelea. Wapo wanaopotosha umma kwamba eti dawa ya kompyuta hii ni kuizima na kuiwasha upya. Karani wangu, huyu aliyeinamisha kichwa, alithubutu kuniletea wazo hilo ofisini. Nikamuuliza, aliyeiwasha ni nani? Akasema, ni wewe, Mheshimiwa. Nikamuuliza, na wewe ni nani? Akarudi dirishani kwake. Ndugu wananchi, kompyuta hii haikuwashwa tu, ilizinduliwa. Nilikata utepe, nikabonyeza kitufe, bendi ikapiga. Kitu kilichozinduliwa hakizimwi na mtu aliyeamka tu asubuhi na kuamua kukizima. Lazima apatikane mgeni rasmi wa kuzima, halafu apatikane mgeni rasmi mwingine, mwenye cheo kisichopungua cha yule wa kwanza, wa kuwasha. Ndiyo maana tangu siku ile ya uzinduzi kompyuta hii haijawahi kuzimwa, hata mara moja, na katika hilo tumezipita idara zote jirani. (Makofi marefu. Karani hapigi.)

Betri yake ilikufa mapema, kwa kuchoka kukaa macho. Lakini hatukutetereka; mpwa wangu amekuwa akilinda waya usitoke kwenye soketi, kazi ambayo ameifanya kwa uadilifu, ukiacha saa za kula.

Nije sasa kwenye takwimu. Kabla ya Mradi, mwananchi alikuwa anasubiri cheti chake akiwa amesimama. Baada ya Mradi, asilimia themanini ya wananchi wanaosubiri wamezoea. Uradhi wa wananchi umepanda kwa asilimia mia na kumi na nne, na tungeweza kufika mbali zaidi kama si uhaba wa asilimia. Katika awamu ya pili tunakusudia kuongeza kasi ya, kuongeza kasi ya, kuongeza kasi ya…

(Ukutani maandishi yamekwama. Kiduara kidogo kinazunguka. Ukumbi mzima unakitazama.)

Ndugu wananchi, msiwe na wasiwasi. Hicho mnachokiona kikizunguka ni mfumo ukitafakari. Ningeweza kuendelea bila maandishi, lakini naheshimu utaratibu. Tusubiri.

(Wanasubiri. Mtu anapiga chafya. Binti wa mshonaji anatazama dirishani, upande wa shule, ambako mlinzi ameanza kuvuta geti.)

(Mshonaji, akiwa amesimama tena: "Mheshimiwa, mimi sina ugomvi na wewe. Lakini hotuba yako imo humo kwenye laptopu, na cheti cha mwanangu kimo humo humo. Si umpishe Karani mara moja tu, halafu uendelee?")

Mama, nisikilize kwa utulivu. Cheti ni cha mtoto mmoja. Hotuba ni ya watu wote.

("Hao watu wote wamekuja kufuata vyeti!")

(Kelele za kuunga mkono kutoka nyuma. Binti anamvuta mama yake kitenge: "Mama, basi. Achana nao. Nitafanya mwakani.")

(Mshonaji anamgeukia. "Mwakani? Mwaka mzima unaamka kabla yangu, unasoma huku unanishikia kitambaa nikate, leo ukose mtihani kwa ajili ya kiduara? Kaa hapo hapo." Anapita kati ya viti kuelekea mbele.)

Mama, rudi kwenye nafasi yako. Mpwa wangu! Msimamizi wa Waya! (Msimamizi wa Waya hayupo. Ametoka kwenda kuangalia soda za wageni.) Mama, hapo ulipo ni eneo la itifaki. Mama, nakuomba kwa heshima zote usiguse… (Mshonaji anauchomoa waya kwenye soketi. Ukutani kunakuwa kweupe. Feni inanyamaza. Ni mara ya kwanza siku hiyo ukumbi kuwa kimya, na watu wanaangaliana kana kwamba wameamka.)

Mama, umefanya nini? Unajua umezima nini? Kitu hicho kilikatiwa utepe!

("Nimezima hotuba," anasema mshonaji. "Nisamehe, Mheshimiwa, sikuwa na njia nyingine ya kukunyamazisha." Analia waziwazi sasa, tepu ikiwa bado shingoni.)

(Karani anainuka. Haombi ruhusa. Anaivua kompyuta kitambaa cha kudarizi, anakikunja vizuri na kumkabidhi Mwenyekiti wa Kamati, kisha anaibeba mashine na waya wake kifuani hadi kwenye dirisha lake, anaichomeka, na anabonyeza kitufe. Watu wanahama viti kumfuata, wazee mbele.)

Naona mnahamia dirishani kwa nidhamu. Hilo ni jambo la kutia moyo. Ndugu wananchi, kwa kuwa maandishi yangu yamebebwa, nitalazimika kutoa shukrani kutoka kichwani, jambo ambalo sijalifanya tangu nipewe cheo, kwa hiyo mnivumilie.

Kwanza nawashukuru wataalamu wa Mradi Mkubwa wa Kasi, kwa… Kwa kweli hatukuwaajiri. Nawashukuru wahisani waliogharamia; hao bado hatujawaandikia, maana tulikwama kwenye salamu za mwanzo. Naishukuru Kamati kwa uchunguzi wake wa kina, ambao shemeji alinisimulia ndani ya gari tulipokuwa tunakuja. Ile rodimapu… (Anatazama ukutani. Ukutani hakuna kitu.) Sikumbuki kuiona. Tulikuwa na jina la Mradi, hilo nalikumbuka, tulilichagua kwa kura. Tukawa na bango. Tukawa na sherehe, ndiyo hii. Mradi wenyewe, nikiutafuta hivi kichwani, siuoni, na sidhani kama kuna siku uliwahi kuwepo.

(Dirishani Karani anaandika. Vidole vyake vinaenda, na herufi zinamfuata pale pale. Anasimama kidogo, anashangaa, anaendelea. Printa inaanza kulia.)

Tumalizie kwa kaulimbiu. Mimi nikisema "Kasi", ninyi mseme "Ndiyo sisi". Kasi! (Hakuna anayeitika.) Kasi zaidi! (Printa.) Idara ya Vyeti, mbele!

(Sauti ya mshonaji kutoka dirishani: "Kimetoka! Mwanangu, kimetoka! Kimbia, usinisubiri, kimbia na hicho hicho!")

(Mlango unagonga ukuta. Mkurugenzi, ambaye jukwaa lake limeelekea barabarani, anatazama nje.)

Ninachokiona kutoka hapa ni kwamba mtoto amevuka. Mlinzi anafunga. Mlinzi amemwona. Amesimama. Anamuuliza kitu, mtoto anamwonyesha karatasi. Fungua basi, ndugu yangu, fungua. (Ukumbi wote unamsikiliza.) Amefungua. Ameingia.

(Shangwe. Wazee wanamkumbatia mshonaji, ambaye sasa ameketi kwenye kiti cha Naibu wa Mipango. Mkurugenzi anatoa leso, anajifuta uso, anaikunja, anarekebisha tai.)

Ndugu wananchi, mmeshuhudia wenyewe. Hivyo basi, kwa mamlaka niliyopewa, natamka rasmi kwamba Mradi Mkubwa wa Kasi, ambao haujawahi kuanza, leo umekamilika kwa mafanikio. Asanteni sana kwa kunisikiliza, na Karani, naomba usiizime.