Mashine ya Bi Kazija na Saba na Nusu

Leo nimeadhirika. Mchana kweupe, mbele ya watu, na shati jipya mwilini.

Nnawaandikia nyinyi tuliosoma pamoja chuoni kabla habari haijawafikia huko Makunduchi kwa mdomo wa mtu mwengine. (Itafika tu. Mwanafunzi wangu Bi Salama ana dada huko.)

Mnajua nnasomesha kisomo cha watu wazima hapa Kiembe Samaki, ukumbini kwa Bi Kazija. Kina mama kumi na wawili, mwenyewe Bi Kazija mmoja wao, na aliye mdogo kuliko wote ni rika la mama yangu. Mie bado niko kwenye majaribio, na leo ndiyo siku aliyokuja mkaguzi kuamua kama nithibitishwe kazini au nifunge virago.

Sasa mwenzenu nikajitia ujuzi. Nlisoma katika gazeti moja kuukuu kuwa huko Ulaya kuna mashine inayohesabu wenyewe wamekaa. Nikasema, basi, kina mama watakuwa mashine. Bi Kazija ataweka mbaazi juu ya mkeka: hatua ya kwanza mbaazi moja, ya pili mbili, ya tatu tatu. Bi Salama atashika karatasi yenye namba ya mwisho. Kila hatua ataitazama. Kama hatua si sawa na namba ile, aseme "Bado." Ikiwa sawa, aseme "Basi." Kisha wote wahesabu mbaazi zote zilizowekwa tangu hatua ya kwanza, jumla hiyo ipo.

Jana tulifanya mazoezi. Namba ilikuwa tano. Walipofika tatu akapita jirani dirishani, mashine nzima ikasimama kuulizia hali ya mgonjwa. Nikaja juu. "Mashine haina akili," nikawaambia. "Haina jirani. Haimsikilizi mtu. Hata mie nikisema simameni, msisimame. Wa kusimamisha ni Bi Salama peke yake, na asimamishe namba ikiwa sawasawa." (Yakumbukeni maneno haya. Wao waliyakumbuka.)

Leo saa tisa mkaguzi akafika. Akavua viatu mlangoni, vyeusi, vinang'ara. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaketi. Tukaanza na tano: mbaazi kumi na tano, safi. Na kumi: hamsini na tano, safi. Mkaguzi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mie nshajiona nimethibitishwa.

"Lete karatasi," akasema. "Hii naandika mwenyewe."

Akaandika saba na nusu.

Mashine ikaanza. Sita, "Bado." Saba, "Bado." Bi Kazija akaweka mbaazi nane. Bi Salama akaitazama karatasi, akazitazama mbaazi, akairudia karatasi.

"Nane si saba na nusu," akasema. "Bado."

Nikakohoa. "Basi, Bi Kazija, inatosha."

Hata kuniangalia hakuniangalia. "Mashine haimsikilizi mtu," akasema, akaweka tisa.

Kumi na moja, bado. Kumi na tano, bado. Nikamwambia Bi Salama aseme "Basi." Akanijibu, kwa upole kabisa, kuwa kumi na tano si sawasawa na saba na nusu, na mwalimu wake ndiye aliyemfundisha. Mkaguzi kaziba mdomo kwa leso, mabega yanamtikisika.

Hatua ya kumi na saba pindo la kanga lililokuwa na mbaazi likawa tupu. Wakajazia kwa vipande vya chaki yangu. Ya kumi na nane, mama mmoja akaenda mlangoni akarudi na viatu. Vikapangwa juu ya mkeka, kumi na nane, cha mwisho cheusi, kinang'ara.

"Bado," akasema Bi Salama.

Bi Kazija akawa anaitazama kofia ya mkaguzi.

Kilichoniokoa ni adhana ya alasiri. Wote wakasimama pale pale, wakavuta kanga vichwani. (Mashine yangu haina akili, lakini Uislamu inao.)

Adhana ilipokwisha nikamuuliza Bi Kazija, "Kwani hukujua kuwa nane imeshapita?"

"Nlijua, mwanangu. Nusu hatua haipo, pa kusimama ni saba, mbaazi ishirini na nane. Lakini jana ulituambia tusiwe na akili."

"Ulitakiwa useme: ikiwa sawa au ikipita, na hatua iliyopita isihesabiwe," mkaguzi akaniambia. Akaandika ripoti yake, akaiweka juu ya mkeka, akaenda kutafuta kiatu chake katika vile kumi na nane. Bi Kazija akaiokota. Akaifuata kwa kidole, akaisoma kwa sauti, darasa zima linasikia:

"Mwa-li-mu... a-o-nge-ze-we... ma-ja-ri-bi-o... mi-e-zi sa-ba na nu-su."

Nikatamani ardhi inimeze. Mkaguzi kasimama na kiatu kimoja mkononi.

"Bi Kazija, nani kakufundisha kusoma?"

"Huyu huyu. Miezi mitatu nyuma nlikuwa natia dole gumba."

Mkaguzi akakiweka kiatu chini. Akaichukua karatasi, akatoa kalamu. Akakata neno moja: nusu.

"Hiyo nakusamehe," akasema. "Mashine yako haiijui."

Basi, ndugu zangu, nimebakishiwa miezi saba, na kesho nnarudi darasani nikiwa na uso wangu huu huu. Chekeni, siwakatazi. Lakini mkifika kicheko cha saba, au mkipita, simameni.