Fuvu, Kufuli na Chupa za Soda

Jumatatu, 3 Machi
Binti yetu anarudi kazini wiki ijayo. Kimbunga, mjukuu wetu wa miaka miwili, atashinda kwetu au kwa baba mkwe wa binti, yule ninayemwita Mzee Kipimo. Binti atakagua nyumba zote mbili Ijumaa. Akikuta sumu mahali mtoto anapofika, kwaheri mjukuu. Ashinde kwa Kipimo? Labda niwe nimekufa!
Mke wangu anasema tuache kila dawa kwenye kopo lake, tuifungie kabati la juu, tumalize. Kweli? Hilo hata Kipimo angelifikiria.

Jumanne, 4 Machi
Nimechora fuvu kwenye kopo la dawa ya panya. Lina meno, macho makavu, linatisha hadi mwenyewe nikaogopa. Kimbunga akaletwa kwa majaribio (kopo tupu, mimi si mwehu). Akalitazama. Akalikumbatia. Akapiga kelele: Babu!
Mke wangu alicheka mpaka akakaa sakafuni. Sioni cha kuchekesha.

Jumatano, 5 Machi
Mtambo! Kabati tupu, kufuli, ndoano, kamba, na fundo nililobuni mwenyewe. Nilihangaika asubuhi nzima nikashindwa kulifungua. Safi sana! Nikaenda kutafuta miwani nilifungue vizuri. Niliporudi Kimbunga, aliyeletwa tena kwa majaribio, alikuwa ameketi ndani ya kabati, amevaa miwani yangu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimechungulia uani kwa Kipimo. Anapigilia rafu, anazinyoosha kwa pimamaji, anapiga mluzi. Roho imeniuma.
Ndipo wazo likaja. Binti atatafuta makopo ya sumu. Basi yasiwepo! Nimemimina mafuta ya taa, dawa ya chooni na ya kunguni kwenye chupa za soda, nikazipanga rafu ya chini. Nani atashuku soda? Zimependeza, nyekundu, bluu na njano. Mke wangu yuko kwa dada yake, kesho atashangaa.

Ijumaa, 7 Machi
Binti alifika na kiu. Akachukua chupa, akafungua, akanusa. Akaniuliza kama nataka kumuua mwanawe. Kimbunga alikuwa amesimama pale pale, mikono juu, anadai soda yake. Niliogopa kwelikweli.
Binti akambeba mtoto, akaenda kwa Kipimo. Hazikupita dakika nyingi akarudi amenuna vilevile. Kipimo ameweka vanishi kwenye chupa ya maji, kando ya kitanda! Mungu anisamehe, nilicheza jikoni.

Jumapili, 9 Machi
Tumeshinda! Mke wangu ametupa chupa zangu zote, amenunua dawa mpya kwenye makopo yake, ameyafungia juu na ufunguo kauvaa shingoni. Binti amekubali Kimbunga ashinde kwetu, kwa sharti kwamba babu asiguse kitu. Sharti la ajabu, lakini furaha imenizidi.
Nimemtengenezea Kimbunga kiti kidogo. Kopo la vanishi lilikuwa linavuja, nikamimina iliyobaki kwenye chupa ya sharubati. Safari hii nimejifunza: nimeandika kwa herufi kubwa nyekundu, SI SHARUBATI, nikaiweka mezani aione vizuri. Kusoma bado, lakini ana akili za babu yake.
Nasikia mke wangu ananiita kutoka jikoni kwa jina langu kamili. Bila shaka amependa mwandiko.